Mshipa Uliobaki

Mwanakhamis wa maabara amenifunga mpira juu ya kiwiko,
anapapasa kama mtu atafutaye swichi gizani.
"Kaka Shaame, mishipa yako imekwenda wapi?"
Nikaona haya kumwambia imehama,
mmoja mmoja, kama wapangaji wa nyumba inayovuja.

Nikavua kandambili.
Hapa, nikamwonyesha, nyuma ya kifundo,
upo mmoja nilioificha hata arosto isiujue.
Akachoma. Damu ikaja bila kubishana.
Miaka tisa, na hii mara ya kwanza
sindano kunitoa kitu badala ya kunitia.

Tulikuwa wawili, mie na Haroub wa Kikwajuni,
chini ya ngazi za Michenzani:
bomba moja, kijiko kimoja, pamba moja,
maji ndani ya kopo la maziwa.
Leo yeye kwanza, kesho mie.
Tukauita udugu.
Damu nzito kuliko maji, tulikuwa tukisema,
wala hatukuuliza
ndani ya uzito ule mna nini.

Daktari alichora duara nyuma ya karatasi ya majibu.
Hawa askari wako, akasema. Na huyu mdudu,
akishaingia kwenye ini, hubadili kanzu kila siku,
mpaka askari wanachoka kuuliza: nani wewe?
Wapo wachache, mwili humfukuza wenyewe.

Haroub alikuwa katika hao wachache.
Kipimo chake: nyayo za mwizi uani, mwizi hayupo.
Changu: mwizi yumo kitandani, kavua viatu,
ameshaoa.

Nilimwonea wivu, sifichi.
Sindano ile ile, usiku ule ule,
mwili wake ukaamka, wangu ukakoroma.

Daktari alisema *kinga*.
Bibi yangu wa Makunduchi alijua kinga nyingine,
ile ya jikoni, yenye ncha nyekundu:
kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Basi sisi tuliweka mkono na mkono.
Wake ukaunguza kilichoingia.
Wangu ukatoa moshi tu.

"Mie chuma," akasema Haroub, akarudi ngazini.
Aliambiwa. Aliambiwa mbele yangu
kwamba mwili ukishinda mara moja haupewi cheti,
mlango ule ule hubishwa tena.
Mfunguo nane nikakutana naye Darajani,
macho yamekolea manjano kama wali wa shughuli.
"Huniulizi bei ya dhahabu?" akacheka.
Sikumuuliza.

Nyumbani nilikuwa nimejinunulia kikombe changu,
cha plastiki, nikakitenga juu ya kabati,
mbali na vya watu.
Mama alikishusha, akakitia mbegu za mchicha.
Chai akanimiminia kwenye chake,
kile kilichomeguka ukingo.
Mama, daktari kasema…
"Daktari kasema damu. Hii chai."
Kisha, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo:
"Kunywa, ini langu."
Tukasita wote wawili,
neno limekaa baina yetu, mezani, linafuka moshi.

Vidonge themanini na nne.
Leo nimemeza cha kumi na tisa
na mate yana ladha ya sarafu.
Sijui askari wangu wamefika wapi.
Usiku nalala ubavu wa kulia, nawasikiliza,
nasikia paka tu juu ya bati.

Kesho alfajiri nampitia Haroub.
Mara mbili amenitoroka; amesema kesho, wallahi.
Mwanakhamis atafunga mpira, atapapasa,
atauliza imekwenda wapi.
Nitamwonyesha. Naujua mshipa wake uliobaki:
niliyemtafutia ni mie.